Kalamu ya Kapteni: Urafiki, Maandishi na Historia katika Dersu Uzala

UTANGULIZI

Filamu ya Dersu Uzala, iliyoongozwa na Mjapani Akira Kurosawa na kutolewa mwaka 1975, inaanzia kwenye kaburi lisiloonekana. Mwaka unaosawiriwa ni 1910. Afisa mmoja wa jeshi la Urusi anafika katika makao mapya yanayojengwa huko Mashariki ya Mbali ya nchi hiyo, akitafuta mahali alipozikwa rafikiye. Miti mikubwa iliyokuwa alama ya kaburi imekatwa, nyumba zinasimamishwa, na hapana mwenyeji anayejua kwamba chini ya ardhi hiyo amelala mtu. Afisa analitamka jina la marehemu, na kutokana na jina hilo hadithi nzima inaanza.

Hadithi yenyewe ni ya urafiki kati ya watu wawili waliotengwa na takriban kila kitu: umri, kabila, lugha, imani na cheo. Vladimir Arsenyev alikuwa afisa wa kifalme aliyetumwa kuipima nchi. Dersu alikuwa mwindaji wa kabila la Wananai, ambao wakati huo Warusi waliwaita Wagoldi, naye alikuwa amemzidi Kapteni kwa miaka ipatayo ishirini. Aghalabu filamu hii imesifiwa kama wimbo wa udugu wa binadamu. Sifa hiyo si ya uongo, ila haitoshi. Mmoja wa marafiki hawa alikuwa na kalamu na mwenziwe hakuwa nayo, na karibu yote yanayojulikana kuhusu urafiki wao yamepita katika mkono wa yule wa kwanza.

Makala haya yanadhamiria kuifuatilia simulizi hii kutoka shajara hadi kitabu, na kutoka kitabu hadi filamu. Hoja inayotetewa ni kwamba urafiki wa namna hii hauna budi kusomwa kama maandishi kabla ya kuchukuliwa kama ushahidi. Aidha, itadaiwa kwamba usomaji huo hauupunguzii urafiki wenyewe thamani. Kinyume chake, unadhihirisha deni ambalo mwandishi alilijua na ambalo kitabu kizima ni jaribio la kulilipa.

NCHI, RAMANI NA WENYEJI

Bonde la mto Ussuri na milima ya Sikhote-Alin havikuwa sehemu ya Urusi tangu zamani. Nchi hiyo ilitwaliwa kutoka China kwa mikataba miwili, ule wa Aigun wa mwaka 1858 na ule wa Peking wa mwaka 1860. Ndani yake waliishi Wananai, Waudege na makabila mengine madogo ya wawindaji na wavuvi, pamoja na Wachina na Wakorea waliokuwa wakilima, wakiwinda na kuchimba mizizi ya dawa. Reli kati ya Vladivostok na Khabarovsk ilikamilika mwaka 1897. Nyuma ya reli walifuata walowezi.

Arsenyev alizaliwa Petersburg mwaka 1872 na kufika Mashariki ya Mbali mwaka 1900. Alifanya safari zake mashuhuri za misituni mwaka 1902, 1906 na 1907, kisha safari ndefu iliyoanza mwaka 1908 na kwisha mwaka 1910. Ikumbukwe kwamba kati ya safari ya kwanza na ya pili palitokea vita vya Urusi na Japani vya mwaka 1904 na 1905, ambavyo Urusi ilishindwa. Baada ya kushindwa huko, haja ya kuzijua njia za milimani na fukwe za bahari haikuwa ya kisayansi tu. Kapteni alikusanya mimea, alichora sanamu za vijiji na kuandika desturi za wenyeji. Lakini alikuwa pia askari anayepima nchi ambayo mabwana zake walihofu kunyang'anywa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana mpangilio huu. Anajua kwamba ramani, reli na walowezi ni ndugu wa tumbo moja, hata pale ambapo mchoraji wa ramani ni mtu mwema. Anajua pia kwamba kila msafiri aliyesifiwa kwa kuivumbua nchi alikuwa na mtu wa kumwonyesha njia. Dersu alikuwa mtu huyo. Mkewe na wanawe walikuwa wamekufa kwa ndui, hakuwa na nyumba, na mali yake ilikuwa bunduki, mzigo wa mgongoni na fimbo yenye panda aliyoiegemezea bunduki alipolenga shabaha. Alikuwa ameanza kuzeeka katika nchi iliyoanza kumilikiwa na wengine.

MIAKA MIWILI, MAJINA MAWILI

Vitabu viwili ndivyo vilivyomfanya Dersu ajulikane: kile cha safari za nchi ya Ussuri, kilichotolewa Vladivostok mwaka 1921, na kile kinachobeba jina lake, kilichotolewa mjini humo mwaka 1923. Vyote viwili viliandikwa kwa nafsi ya kwanza, vikiwa na tarehe, majina ya mito na vimo vya milima. Kwa hiyo msomaji huvipokea kama kumbukumbu za safari, na hana sababu ya kutilia shaka kwamba wawili hawa walikutana penye moto wa kambi mwaka 1902.

Hata hivyo, shajara za safari za Arsenyev zinasema jambo jingine. Humo mwindaji huyu anatajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1906, tena kwa jina la Derchu Odzhal. Safari ya mwaka 1902 ilikuwapo, ila Derchu hakuwamo. Kwa kuwa aliuawa mwezi wa Machi mwaka 1908 karibu na stesheni ya Korfovskaya, kusini mwa Khabarovsk, urafiki ambao kitabu kinaupa takriban miaka sita ulidumu, kwa hesabu ya shajara, chini ya miaka miwili.

Mhakiki afanye nini na tofauti hii? Njia moja ni kumshutumu mwandishi kwa udanganyifu. Njia ya pili ni kupuuza, kwa kisingizio kwamba sanaa haiulizwi tarehe. Njia zote mbili ni nyepesi. Lililo na manufaa zaidi ni kuuliza miaka minne iliyoongezwa inafanya kazi gani ndani ya kitabu.

Kwanza, inambadilisha Kapteni. Mtu wa mwaka 1902 ana umri wa miaka thelathini na hajaujua msitu. Anaweza kuwa mwanafunzi. Mtu wa mwaka 1906 ana uzoefu na madaraka makubwa zaidi. Kwa kumrudisha Dersu nyuma, mwandishi anajinyenyekeza na kumpa mzee nafasi ya mwalimu tangu hatua ya kwanza. Pili, inaupa urafiki muundo ambao wasimulizi wa ngano wanaufahamu vyema: kukutana, kuagana na kukutana tena. Urafiki wa safari moja ni tukio tu. Ule unaovumilia utengano ni ahadi. Tatu, inaleta uzee. Ili kudhoofika kwa macho ya Dersu kuwe msiba, sharti msomaji awe amemwona akilenga shabaha katika ukamilifu wake, na muda uwe umepita.

Haya yote ni mambo ya fani, lakini hayakuzaliwa na fani peke yake. Arsenyev alivitoa vitabu hivi zaidi ya miaka kumi baada ya mwenziwe kuuawa. Aliyefiwa huurefusha muda aliokaa na marehemu; siku chache hugeuka kuwa umri mzima. Tarehe ya uongo katika kitabu hiki inaweza kusomwa kama tarehe ya kweli ya majonzi. Jina nalo lilipata umbo jipya: Derchu alikufa, Dersu akaandikwa.

LUGHA YA DERSU

Katika kitabu na katika filamu, Dersu huzungumza Kirusi kilichovunjika. Vitenzi vyake havifuati nafsi wala nyakati, na kiwakilishi cha kumiliki hushika nafasi ya "mimi". Lugha ya namna hii ilitumika kweli katika biashara na mawasiliano ya eneo hilo, hivyo haiwezi kusemwa kwamba mwandishi aliizua. Tatizo liko kwingine. Dersu alikuwa na lugha yake, Kinanai, mojawapo ya lugha za Kitungusi, na ndani yake hakuwa na kigugumizi chochote. Msomaji haisikii lugha hiyo. Anamsikia mtu mzima akisema kama mtoto, kisha anastaajabia hekima inayotoka katika kinywa cha "mtoto" huyo.

Ulinganisho na Kisetla cha Kenya ya kikoloni unafaa hapa. Katika Kisetla, bwana ndiye aliyekivunja Kiswahili, na mtumishi akalazimika kukivunja vilevile ili aeleweke. Lakini katika simulizi zilizoandikwa na mabwana, anayeonekana mjinga wa lugha mara nyingi ni mtumishi. Anayeandika ndiye anayeamua kigugumizi cha nani kisikike. Arsenyev mwenyewe alikuwa na kigugumizi kikubwa zaidi, yaani kutojua kuzisoma nyayo, mawingu na majivu ya moto. Na sifa yake kubwa ni kwamba kigugumizi hicho hakukificha.

Liko pia suala la neno "watu". Dersu huliita kila kinachomzunguka mtu: jua, moto, maji, upepo, nguruwe mwitu na simbamarara. Wasomaji wa Ulaya wamezoea kuiona kauli hii kama ushairi wa mtu wa asili. Sarufi ya Kiswahili inatoa njia nyingine ya kuitazama. Kiswahili tayari kimewapa wanyama upatanisho wa watu: husemwa kifaru amekuja, wala si kifaru kimekuja, ingawa umbo la nomino lingedai hivyo. Mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuamua mpaka upite wapi. "Moto umekasirika" ni taarifa kuhusu kitu. "Moto amekasirika" ni taarifa kuhusu jirani. Dersu alikuwa upande wa "amekasirika", na kwake hilo lilikuwa jambo la adabu zaidi kuliko la ushairi. Mtu hatupi nyama ovyo motoni wala hapigi risasi kiumbe asichokihitaji, kwa sababu majirani hawatendewi hivyo.

Katika sura za mwisho za kitabu cha mwaka 1923 kuna tukio linalostahili kuzingatiwa na kila mhakiki. Dersu, akiwa mgeni wa Kapteni huko Khabarovsk, anasikilizishwa sauti yake mwenyewe iliyonaswa na fonografu. Kapteni anatarajia mshangao. Dersu hashangai, anasema tu kwamba chombo hicho husema sawasawa wala hakiachi neno. Haielekei kwamba mwandishi alikusudia kejeli, lakini kejeli imo. Mzee ameipa mashine sifa ambayo kalamu ya rafikiye haiwezi kudai. Kalamu iliacha maneno, iliongeza miaka na kubadilisha jina. Ilifanya hivyo kwa upendo, ila ilifanya.

KUTOKA KITABU HADI FILAMU

Kazi ya Arsenyev ilipata sifa kubwa. Mwaka 1928 Maxim Gorky alimwandikia barua ya kuipongeza, akiona humo mwungano wa mtaalamu wa wanyama na mtunzi wa riwaya. Mwaka 1961 Agasi Babayan aliitengenezea filamu ya kwanza. Kurosawa, kwa upande wake, alikuwa ameipenda hadithi hii tangu ujana na kwa muda mrefu alitamani kuitengeneza. Alipoalikwa na studio ya Mosfilm ya Moscow, alikuwa katika hali ngumu. Filamu yake ya mwaka 1970, Dodes'ka-den, haikufaulu kibiashara, na mwezi wa Desemba mwaka 1971 alijaribu kujiua. Hivyo basi, mzee wa sanaa ambaye nchi yake ilionekana kumpa kisogo alikwenda ugenini kutengeneza hadithi ya mzee ambaye dunia yake ilikuwa ikimtoka. Alifanya kazi na wasanii wa Kisovieti kupitia wakalimani, na mswada wa filamu aliuandika pamoja na Mrusi Yuri Nagibin. Filamu ilipata tuzo katika tamasha la Moscow mwaka 1975, na mwaka 1976 ikatunukiwa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Kurosawa alizikunja safari. Filamu ina sehemu mbili, ya mwaka 1902 na ya mwaka 1907. Ile ya mwaka 1906, ambayo kwa shajara ndiyo iliyowakutanisha wawili hawa, imemezwa. Kwa maana hiyo filamu iko mbali zaidi na shajara kuliko kitabu. Wakati huohuo, inafanya jambo moja ambalo kitabu hakingeweza: inamwondoa Dersu mikononi mwa kalamu na kumkabidhi kwa mwili wa mtu. Maxim Munzuk, aliyeuigiza uhusika huu, alikuwa Mtuva na mmoja wa waanzilishi wa tamthilia ya Tuva. Hakuwa Mnanai, na Tuva iko mbali sana na Ussuri. Hapa pia mwenyeji mmoja amewekwa mahali pa mwingine. Lakini mikono yake, namna anavyochutama na anavyokitazama kitu kabla ya kusema, ni mambo yasiyohitaji kuvunjiwa lugha.

Tukio la ziwa Khanka linathibitisha hoja hii. Jua linatua, upepo unavuma juu ya barafu, na wawili hao wamepotea. Dersu anaamuru matete yakatwe. Kapteni anakata mpaka anaanguka. Dersu anachukua miguu mitatu ya chombo cha kupimia ardhi, anaisimamisha na kuifanya nguzo za kibanda cha matete, naye Kapteni anaokoka. Chombo cha ramani, yaani chombo cha kuimiliki nchi, kinageuzwa kuwa boriti ya makazi. Maneno ni machache, na Kapteni anaposhukuru, mzee anaikataa shukrani: waliokwenda pamoja na kufanya kazi pamoja hawadaiani. Vivyo hivyo, katika kibanda kilichoachwa msituni, Dersu anaomba mchele, chumvi na viberiti viwekwe kwa ajili ya mtu atakayekuja, asiyemjua na ambaye hatamwona. Hapo urafiki unapanuka na kuwa kanuni ya kuishi.

Filamu ina ukimya wake pia. Kusudi la kijeshi la safari limefifishwa sana. Haishangazi. Mwezi wa Machi mwaka 1969 majeshi ya Kisovieti na ya China yalipigana katika kisiwa kimoja cha mto Ussuri, na mwaka 1972 majina mengi ya Kichina ya mito, milima na vijiji vya eneo hilo yalifutwa na kupewa majina ya Kirusi. Filamu ya urafiki ilipigwa katika nchi ambayo ilikuwa imetoka kubadilishwa majina. Yeyote anayeisifu kwa kuvuka mipaka ya tamaduni hana budi kuukumbuka mpaka huo.

Kurosawa anaonyesha wazi zaidi kwamba wema wa Kapteni haukutosha. Macho ya Dersu yanapopungua, Kapteni anamchukua kwake Khabarovsk, kwa mkewe na mwanawe. Mjini, maji yanauzwa, kupiga risasi ni marufuku, na kukata mti wa bustani ni kosa la polisi. Mzee anaomba kurudi msituni. Kapteni anampa bunduki mpya, iliyo bora, ili macho dhaifu yapate msaada. Baadaye inaletwa habari kwamba Mgoldi amekutwa amekufa, na kilichomtambulisha ni kadi yenye jina la Kapteni. Inasadikiwa aliuawa kwa ajili ya ile bunduki. Zawadi ya upendo imekuwa sababu ya kifo, na mtu asiyeandika ametambuliwa kwa jina lililoandikwa la mwingine. Filamu nzima imeshikwa katika picha hii moja.

MSAFIRI ALIYESHIKA KALAMU

Fasihi ya Kiswahili ina kazi inayoweza kuwekwa mbele ya Dersu Uzala kama kioo. Mwaka 1896, miaka kumi kabla ya Arsenyev kumtaja Derchu katika shajara yake, Mngazija aitwaye Selim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia akifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller. Njia yao haikufika Ussuri. Simulizi yake ilitolewa kwa Kiswahili na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, na baadaye Lyndon Harries akaiingiza katika mkusanyiko wake wa nathari ya Kiswahili wa mwaka 1965.

Katika simulizi ya Selim nafasi zimebadilishana. Anayefuatana ndiye anayesimulia, na bwana ndiye mhusika. Dola ya Urusi, miji yake, baridi yake na watu wake, vinapimwa kwa jicho la mtu wa pwani. Tofauti na Dersu, msafiri huyu hahitaji kuvunja lugha ili asikike. Hata hivyo, haifai kudhani kwamba kalamu ilimpa uhuru kamili. Jina lililo kwenye jalada ni la Velten. Aliyekusanya alikuwa mwananchi wa bwana wake, na kwa hiyo msimulizi alijua ni sikio la nani linalomsikiliza. Mwenye kalamu naye huandika chini ya macho ya mtu. Lakini Selim alituachia sentensi zake. Derchu alituachia sentensi za Arsenyev.

HITIMISHO

Arsenyev alifariki Vladivostok mwaka 1930. Baada ya kifo chake wakuu wa usalama walidai kwamba alikuwa ameongoza kikundi cha majasusi, na mwaka 1938 mjane wake, Margarita, alipigwa risasi kwa tuhuma hizo. Hivyo mtu aliyemwandika mwenziwe aliandikwa naye, katika majalada ambayo hakuwa na uwezo wa kuyajibu. Kalamu ya dola haikuwa na majonzi ndani yake, na hapo ndipo ilipotofautiana na kalamu ya Kapteni.

Makala haya yameonyesha kwamba Dersu anayependwa na wasomaji na watazamaji ni zao la mikono mingi: ya Arsenyev aliyeongeza miaka, ya Kurosawa aliyeikunja, ya Munzuk aliyempa mwili. Derchu Odzhal wa shajara yuko nyuma ya wote hao, naye haonekani vizuri. Kuyajua haya si kuukana urafiki. Hakuna kanuni ya upelelezi wala ya upimaji wa ardhi iliyomlazimu afisa wa kifalme kukiita kitabu chake kwa jina la mwindaji maskini. Alifanya hivyo kwa kuwa alikuwa na deni, na deni ambalo mdai wake hajui kusoma hulipwa kwa kuwaambia wengine.

Jukumu la uhakiki, basi, ni kulisoma deni hilo pamoja na riba yake: kumsifu aliyeandika kwa kuwa aliandika, na kuendelea kuuliza ni nini asiyeandika angeyasema kuhusu Kapteni wake, kwa Kinanai, mbele ya moto ambao kwake ulikuwa mtu.